Cheni ya injini inalia asubuhi: nitengeneze kwa 190,000, nitie injini nyingine au niuze?

"Nina Mercedes C180 Kompressor ya mwaka 2009, niliyoinunua mwaka 2016 ilipotoka Japani ikiwa na kilomita 62,000. Sasa mita inaonyesha 196,000. Ninaishi Kisumu na ninafundisha Kakamega, kwa hiyo kwa miaka miwili iliyopita gari limekuwa likienda na kurudi kila siku ya kazi. Kwa miezi kadhaa sasa, nikiliwasha asubuhi injini hutoa mlio kama wa sarafu zikitikiswa ndani ya mkebe, kwa sekunde tatu au nne, kisha hutulia. Wiki mbili zilizopita taa ya injini iliwaka. Fundi aliunganisha mashine akapata msimbo P0016, akasema cheni ya taimingi imevutika na kazi yote itagharimu shilingi 190,000. Fundi wa pili akasema nibadilishe tenshona pekee kwa 18,000 na nianze kutumia oili nzito zaidi. Wa tatu anataka kunitilia injini nyingine kutoka Japani kwa 170,000 pamoja na kazi. Kuna mtu aliye tayari kulinunua gari lilivyo kwa 450,000, ilhali ya aina hii ikiwa nzima huuzwa karibu 850,000 hapa mjini. Aliyeniuzia aliniapia kwamba cheni haibadilishwi maisha yote ya gari. Nifanye nini? Je, ninaweza kuendelea kuliendesha nikitafuta pesa?"

Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja majibu ya mengine: liegeshe gari, na lisiwashwe tena hadi lifunguliwe na kutazamwa. Mlio wa asubuhi peke yake ungeniruhusu kukupa muda kidogo. Msimbo P0016 peke yake ungenifanya nishuku vitu vingine vya bei nafuu kabla ya cheni. Lakini viwili hivyo vikija pamoja, mlio ukitangulia na msimbo ukifuata miezi baadaye, mimi hulichukulia gari kama mgonjwa wa kulazwa. Matatu za kutoka Kisumu kwenda Kakamega ni nyingi, na nauli ya mwezi mzima haitakaribia gharama ya kutengeneza injini ambayo vali zake zimepigwa na pistoni.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, ni vizuri kwanza kuijua kazi ya cheni hiyo. Chini ya injini kuna krankshafti, inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kamshafti mbili, moja ya kufungua vali za kuingizia hewa na nyingine ya kufungua vali za kutolea moshi. Kila krankshafti inapozunguka mara mbili, kamshafti ni lazima zizunguke mara moja, bila kuwahi wala kuchelewa, na kinachozifunga pamoja ni cheni. Katika injini yako, kama ilivyo katika injini nyingi za siku hizi, vali zikiwa wazi hushuka hadi mahali ambapo pistoni nayo hufika ikipanda. Hazigongani kwa sababu tu kila moja inapita pale kwa zamu yake. Cheni ikiruka meno machache, zamu huvurugika, chuma hukutana na chuma, na vali hupinda katika muda mfupi kuliko ule wa wewe kunyanyua mguu kwenye pedeli.

Neno "kuvutika" linawapotosha watu wengi, kwa kuwa linawafanya waione cheni kama mpira uliolegea. Chuma cha cheni hakirefuki. Kinachotokea ni kwamba kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya tundu lake, na mahali hapo hulika polepole. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kila kiungo kimelika sehemu tatu kwa mia za milimita na kwamba viungo ni mia moja: cheni tayari imekuwa ndefu kwa milimita tatu bila jicho kuona kasoro yoyote katika kiungo kimoja. Kwa sababu hiyo kamshafti huanza kuchelewa nyuma ya krankshafti. Kompyuta ya gari hulinganisha ishara za sensa za sehemu hizo mbili, na tofauti ikizidi kiwango inachoruhusu, hukuwashia taa na kuandika P0016.

Mlio wa asubuhi unatoka kwa jirani wa cheni, yaani tenshona. Hiki ni kifaa kidogo kinachousukuma upande uliolegea wa cheni kwa nguvu ya springi na shinikizo la oili, na ndani yake kuna meno yanayokizuia kurudi nyuma. Gari likilala, oili huteremka chini, na unapowasha, tenshona hungoja sekunde chache kabla ya kupata shinikizo lake kamili. Cheni iliyo nzima haina nafasi ya kutikisika katika sekunde hizo. Iliyolika inayo, na hiyo ndiyo sauti ya sarafu unayoisikia. Nikisema hapa injini "baridi" simaanishi hali ya hewa. Ninayo gereji Nakuru na wateja wangu wengi hudhani kwamba tatizo hili ni la Timboroa na Molo, ilhali gari lililolala usiku mzima kando ya ziwa katika joto la Kisumu nalo ni injini baridi kwa maana tunayoizungumzia.

Kuhusu aliyekuapia kwamba cheni haibadilishwi, sidhani alikudanganya kwa makusudi. Mtengenezaji hakuweka kilomita maalumu za kuibadilisha, tofauti na mkanda wa mpira wa injini za Subaru za zamani, ambao hubadilishwa kila takriban kilomita 100,000. Watu wakageuza "haina ratiba" kuwa "haiharibiki". Uhai wa cheni unategemea oili, na baadhi ya injini zimejaliwa cheni imara kuliko nyingine. Injini yako ni ile ambayo kiwandani huitwa M271. Ile iliyoitangulia, M111, ilikuwa na cheni ya safu mbili. M271 ikapewa ya safu moja, nyembamba zaidi, na pamoja nayo sproketi za kamshafti, yaani magurudumu ya meno yanayoshikwa na cheni, ambazo ndani yake mna mtambo wa kurekebisha pembe ya vali. Mafundi wa Mercedes duniani kote wanajua kwamba cheni hiyo na meno ya sproketi hizo ni sehemu za kuangaliwa injini inapozeeka. Kwa hiyo ninakuuliza wewe swali ambalo si la kukulaumu: katika kilomita 134,000 ulizoendesha, oili ilibadilishwa mara ngapi, na ilikuwa ya aina gani? Kama ni mara kumi na tatu au zaidi kwa oili kamili ya sinthetiki, injini yako huenda ina afya njema isipokuwa cheni. Kama ni mara sita au saba kwa oili yoyote iliyopatikana kituoni, basi kuna mengine ya kutafuta kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa nije kwa mafundi wako watatu. Wa kwanza huenda ana haki, lakini mashine haijathibitisha alichokisema. P0016 inasema kwamba krankshafti na kamshafti hazisomani. Haisemi ni kwa nini. Mbele ya silinda hedi ya injini yako kuna sumaku mbili zinazoongoza mitambo ile ya kurekebisha vali, nazo zina desturi mbaya ya kuvujisha oili ndani ya plagi zake za umeme. Oili hiyo husafiri ndani ya nyaya hadi kwenye sensa na wakati mwingine hadi kwenye kompyuta yenyewe, na hapo misimbo ya kila aina huzaliwa. Sensa ya kamshafti iliyochoka, mtambo wa kurekebisha vali uliokwama kwa uchafu, hata oili iliyopungua sana, vyote vinaweza kuleta msimbo huo huo. Mwombe fundi achomoe plagi hizo mbele yako na kuzifuta kwa kitambaa cheupe. Kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Baada ya hapo kifuniko cha vali kifunguliwe. Hili ndilo ninalotaka ulilipie kwanza, kando na makubaliano mengine yoyote, kwa sababu gharama yake ni sehemu ndogo ya ile 190,000 na ndilo litakalokupa ukweli. Injini izungushwe kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya krankshafti, ikizungushwa upande wake wa kawaida pekee na kamwe isirudishwe nyuma, hadi alama ya krankshafti iliyo chini ikae mahali pake. Kisha mtazame alama za kamshafti zote mbili. Zikikaa sawasawa, cheni haina hatia na mnapaswa kurudi kwenye sensa na sumaku. Zikiwa zimechelewa kwa kiasi kinachoonekana, jibu mnalo. Meno ya sproketi nayo yatazamwe: yaliyo mazima yana mabega pande zote mbili, yaliyolika huwa yamechongoka na kuinama upande mmoja. Piga picha kwa simu yako, uzihifadhi. Fundi anayekataa kukuonyesha alama hizo, au anayesema hakuna haja kwa kuwa mashine imeshasema, mshukuru na uondoke.

Kifuniko kikiwa kimefunguliwa utaona pia rangi ya ndani ya injini. Rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni habari njema. Ukiona tope jeusi lililoganda kama ugali uliosahauliwa jikoni, ujue kwamba cheni ni mojawapo tu ya waathiriwa, kwani njia nyembamba za oili nazo zitakuwa zimeanza kuziba. Oili imwagwe kwenye chombo safi, filta ikatwe na kufunguliwa, mtafute vipande vya plastiki: hivyo hutoka kwenye reli zinazoongoza cheni, na vikionekana, reli zimevunjika na lazima sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ishushwe ili vilivyobaki visizibe kichujio cha pampu ya oili. Mwisho, mgandamizo wa silinda zote nne, yaani nguvu ambayo kila silinda hubana hewa, upimwe, mkishathibitisha kwa alama kwamba cheni haijaruka meno. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama injini inastahili kutengenezwa, na inashangaza jinsi watu wanavyotumia laki mbili bila kukifanya.

Fundi wako wa pili, yule wa tenshona na oili nzito, ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ushauri wake utaonekana kufaulu. Tenshona mpya huchukua nafasi iliyoachwa na cheni iliyolika, mlio hupungua au kwisha kabisa, nawe unafurahi. Lakini cheni bado ni ndefu, kamshafti bado zinachelewa, na sasa umeondolewa kengele iliyokuwa ikikuonya kila asubuhi. Nilipokea gari la aina hiyo kutoka Bungoma lililokuwa limepewa tenshona mahali pengine, likanyamaza vizuri, na baada ya muda cheni ikaruka barabarani. Vali nane zilikuwa zimepinda na mwenyewe alikuwa akisisitiza kwamba injini haikuwa ikitoa sauti yoyote. Oili nzito ni kosa juu ya kosa. Huchelewa zaidi kufika kwenye tenshona wakati wa kuwasha, ambao ndio wakati cheni inapoumia, na mitambo ya kurekebisha vali imetengenezwa kwa oili nyepesi. Oili ya injini yako ni yenye idhini ya MB 229.5 iliyoandikwa nyuma ya mkebe, katika uzito wa 5W-30 au 5W-40. Maandishi ya mbele ya mkebe yanayosema inafaa magari yote ya Ulaya si idhini.

Kuhusu injini ya Japani, ninaelewa mvuto wake: ni rahisi kuliko matengenezo, na neno "injini nzima" linatuliza moyo. Lakini fikiria unachonunua. Ni M271 nyingine, ya umri uleule, yenye cheni ileile ya safu moja, iliyotolewa kwenye gari ambalo hujui lilibadilishiwa oili vipi wala kwa nini lilivunjwa. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nikipewa injini kama hiyo niifunge, jambo la kwanza ningelifanya ni kuiwekea cheni mpya ikiwa bado iko mezani, na hapo ile 170,000 inaelekea 250,000 au zaidi. Ongeza pia kwamba nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na ukiibadilisha ni lazima NTSA, mamlaka inayosajili magari, ijulishwe na rekodi zirekebishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Injini nyingine ina maana pale tu yako inapokuwa imeshaharibika, yaani vali zimepinda, silinda zimekwaruzwa au tope limeshinda. Hujafika hapo, na ombi langu la kuegesha gari ni ili usifike.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe ya 190,000, kwa sababu bei hiyo haina maana kabla ya kujua imebeba nini. Kazi kamili ina cheni mpya, sproketi zote mbili za kamshafti pamoja na mitambo yake, tenshona, reli za kuongozea, gasketi zinazohusika, boliti zile ambazo hukazwa mara moja tu na kutupwa, sumaku mbili kama zinavuja, oili na filta. Katika injini hii kuna njia mbili za kuingiza cheni. Ya kwanza ni kuikata ya zamani kwa juu, kuiunganisha mpya kwenye ncha yake, kisha kuivuta polepole huku injini ikizungushwa kwa mkono hadi mpya izunguke yote, na kuifunga kwa ripiti, yaani pini inayobanwa ncha zake isitoke. Ya pili ni kufungua kifuniko cha mbele, jambo linaloongeza saa nyingi za kazi. Njia ya kwanza si ulaghai, hata katika gereji zinazoheshimika Ulaya hutumika, na kama cheni imelika kidogo na reli ni nzima ninaifanya mwenyewe bila woga. Lakini haikupi nafasi ya kubadilisha reli zote wala sproketi ndogo ya krankshafti. Kwa kilomita 196,000, na msimbo ukiwa umeshajitokeza, ningependelea kufungua mbele. Muulize fundi wako 190,000 ni ya njia ipi. Kama ni ya kufungua mbele na sproketi mpya zimo, sioni kwamba amekuonea. Kama ni ya kuvuta cheni kwa juu bila sproketi, bei hiyo ni kubwa mno na una haki ya kusema hivyo.

Muulize pia kama ana chombo cha kufungia ripiti ya cheni na cha kuzishika kamshafti zisisogee. Nyundo si mojawapo ya vyombo hivyo. Ripiti iliyogongwa kwa nyundo inaweza kushikilia mwaka mmoja au siku moja. Na tenshona iwe mpya, isirudishwe ya zamani. Nasema hivi kwa aibu kidogo, kwani nilipokuwa bado kijana katika kazi hii niliwahi kuifungua tenshona ya Mercedes ili "niitazame tu", kisha nikairudisha jinsi ilivyotoka. Sikujua kwamba ikitolewa, meno yake ya ndani husonga mbele, na kwamba ni lazima ifunguliwe na kupangwa upya kabla ya kurudi. Nikaikaza cheni kupita kiasi, injini ikalia kama filimbi, na mwajiri wangu akanikata mshahara wa wiki mbili. Alifanya vizuri.

Spea ndizo zinazoliwa na wajanja. Nyingi zinazofika Kisumu hupitia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako kwa jina lilelile la "cheni ya M271" utapata bidhaa tatu zenye bei tatu tofauti kabisa. Cheni za Iwis za Ujerumani ndizo ninazozitumia, kwa kuwa kampuni hiyo hutengenezea viwanda vya magari vyenyewe. Kama unaweza, nunua spea wewe mwenyewe kwa kutumia nambari ya chasisi, udai risiti yenye jina la duka, na umlipe fundi kazi pekee. Mafundi wengine hawapendi hivyo kwa sababu faida yao imo kwenye spea. Basi mkubaliane ada ya kazi iliyo juu kidogo, lakini yote yaandikwe: spea gani, kazi ipi, dhamana ya muda gani, na kwamba sehemu zote za zamani utarudishiwa. Cheni ya zamani ukiilaza kando ya mpya juu ya meza, tofauti ya urefu utaiona kwa macho yako.

Sasa hesabu. Watu hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari, wakisema hakuna maana ya kutia 190,000 kwenye gari kuukuu. Huo si ulinganisho sahihi. Ukiuza leo unapata 450,000. Ukitengeneza kisha ukauza, hata kwa 800,000 badala ya 850,000, unabaki na 610,000. Soko linaiadhibu Mercedes mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu mnunuzi anahofia asiyoyaona, na yule wa 450,000 huenda ana fundi wake atakayeifanya kazi hiyo na kuliuza gari kwa bei kamili mwezi ujao. Ukiamua kubaki nalo kwa miaka mitatu, 190,000 ni kama shilingi 5,300 kwa mwezi. Jiulize ni gari gani lingine utakalolipata kwa nyongeza hiyo bila kuingia kwenye mkopo mpya wa Sacco. Bima yako, hata kama ni ile kubwa, haitasaidia hapa, kwani kuchakaa kwa injini si ajali. Na usikope kwa programu za simu kwa ajili ya kazi hii. Riba yake ya miezi michache itakugharimu kuliko kungoja mshahara wa pili huku gari likiwa limeegeshwa.

Hata hivyo hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja: sehemu nyingine za gari ziwe nzima. Kabla ya kuamua, liangalie kana kwamba ndiyo mara ya kwanza unalinunua. Gia zilikuwa zikiingia kwa ulaini au zilikuwa zikipiga teke kutoka ya pili kwenda ya tatu? Oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa? Chini kuna kutu? Injini ilikuwa ikila oili kati ya huduma moja na nyingine? Kama mgandamizo ni mzuri na unalingana katika silinda zote, ndani hakuna tope na giaboksi haina shida, ushauri wangu ni utengeneze, kwa ukamilifu, bila kupunguza sproketi ili kuokoa pesa. Kama silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, au kuna tope na giaboksi inapiga, chukua zile 450,000, umweleze mnunuzi wazi kilichopatikana, na usijilaumu. Sitakuficha kwamba hata baada ya matengenezo mazuri, gari la umri huu litakuja na madai mengine: mpira wa hapa, sensa ya pale, pampu ya maji. Mtu asiyeweza kutenga akiba kila mwezi kwa ajili ya hayo ana haki ya kuchagua gari dogo la Toyota, na hakuna aibu katika hilo.

Gari lipelekwe gereji likiwa limebebwa juu ya lori, lisivutwe kwa kamba. Ni otomatiki na huendeshwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo likivutwa mwendo mrefu magurudumu hayo yakigusa barabara, giaboksi huzunguka bila oili ya kutosha, nawe utakuwa umenunua ugonjwa wa pili. Kama kabla ya hapo mtu ataliwasha kwa bahati mbaya na kusikia mlio usiokoma baada ya sekunde chache, au injini ikitetemeka na kukosa nguvu, izimwe papo hapo na isijaribiwe tena "kuona kama bado". Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida bila kuwaka, huenda cheni imesharuka na kila jaribio huongeza idadi ya vali zilizopinda.

Kazi ikikamilika, mwombe fundi aizungushe injini kwa mkono angalau mizunguko miwili kamili ya krankshafti na kuzitazama alama tena mbele yako kabla ya kufunga kifuniko. Kwa safari zako za karibu kilomita 2,000 kwa mwezi, badilisha oili kila kilomita 7,500, yaani kabla ya mwezi wa nne kwisha, hata kama kitabu cha gari kinataja kilomita nyingi zaidi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa barabara na oili za nchi nyingine. Badilisho la kwanza baada ya matengenezo lifanyike mapema, kwenye kilomita 1,000 hivi, ili kutoa chembe zilizobaki. Na vipimo vya mgandamizo vya silinda zote nne ukishavipata, niandikie pamoja na picha za alama kabla hujalipa amana ya kazi kubwa.